Si Ulafi, ni Ugonjwa

Leo tunamzungumzia kijana mnene anayekula chakula kingi, haraka, mara nyingi kwa kujificha. Ameshiba, lakini hawezi kuacha. Kisha anaona aibu. Huo si ulafi. Ni ugonjwa, na una tiba.

Tiba kuu ni ushauri nasaha. Mazoezi huisaidia tiba hiyo. Hupunguza msongo wa mawazo na kuleta usingizi mzuri. Msongo ukipungua, ile pupa ya kula nayo huweza kupungua.

Mzazi, fanya hivi. Usimcheke. Usimnyime chakula, maana njaa huzidisha pupa. Usiyafanye mazoezi kuwa adhabu. Achague mwenyewe: kandanda, kucheza ngoma, au kutembea milimani. Nenda naye. Aanze kidogo kidogo, hadi afikie muda wa saa 1 kila siku, kama linavyoshauri Shirika la Afya Duniani.

Kisha mpeleke kituo cha afya kilicho karibu. Akijitapisha, au akitaja kujidhuru, mpeleke leo hii.

Kumbuka: si ulafi, ni ugonjwa. Ushauri nasaha na mazoezi, vyote pamoja, humsaidia kijana wako.