Mate Yanapokauka Katika Chumba cha Mtihani

Leo nazungumza hasa na wewe unayejiandaa kwa mtihani, na mwalimu wako naye asikilize.

Karatasi za maswali zinapogawiwa, wanafunzi wengi hukaukiwa mdomo. Ulimi hunata, mate machache yaliyobaki huwa mazito. Kuna wanaoamini hapo hapo kwamba hawajui kitu, na imani hiyo huwaumiza kuliko swali lenyewe. Si kweli! Ni woga tu unaofanya kazi mwilini.

Kwa kawaida mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kwa siku. Tezi za mate huongozwa na neva za aina mbili, zote zisizongoja amri yetu. Tukitulia, aina ya kwanza hutoa mate mengi, mepesi. Tukiogopa, ubongo huipunguza nguvu, na aina ya pili, ile inayouandaa mwili kupambana au kukimbia, hutoa mate yenye protini nyingi. Ndani yake huongezeka amilesi, kimeng'enya kinachovunja wanga. Kortisoli, homoni ya msongo, nayo hupenya kutoka kwenye damu hadi kwenye mate, kwa hiyo watafiti huweza kupima msongo wa mwanafunzi bila kumchoma sindano.

Ukavu wa dakika chache hauna madhara. Kinachonitia wasiwasi ni zile wiki nzima za kukesha. Mwaka 1983, jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Marekani kwa wanafunzi wa udaktari wa meno: masomo yalipowabana zaidi, kingamwili iitwayo IgA ilipungua kwenye mate yao. Kingamwili hiyo huzuia vijidudu kujishikiza mdomoni na kooni. Mate pia huzimua asidi inayokula meno. Sasa fikiria mate yamepungua, mwanafunzi anakunywa soda usiku ili asisinzie, kisha analala bila kupiga mswaki. Meno na fizi zitasalimika vipi?

Mwanafunzi, kunywa maji mara kwa mara, piga mswaki hata usiku wa kuamkia mtihani, na kabla ya kufungua karatasi vuta pumzi taratibu, uitoe taratibu zaidi. Walimu, pale kanuni zinaporuhusu, nawaomba: mwacheni mtoto aingie na chupa yake ya maji.