KIJANA WA CHINI YA MKOROSHO

Mazungumzo ya Kamati ya Jumuiya siku ya kumbukumbu



Tunakumbuka 24 Machi 2021, siku Palma iliposhambuliwa. Wengi wetu tuliingia porini na watoto mgongoni, wengine wakapata vyombo hadi Pemba. Hayo mnayajua. Nafasi tuliyopewa ni fupi, nasi tumeamua kumzungumzia kijana mmoja wa hapa kambini.

Jina hatulitaji, mama yake ametuomba. Alifika ana miaka 13, mwembamba, macho chini. Kwenye pampu ya maji wenzake walimpokonya ndoo, wakamwita bubu. Akawa anakwenda kuchota usiku ili asikutane nao. Mama yake alikuja kwetu mara mbili. Tukamwambia mtoto avumilie. Tulikosea, na tunalisema mbele yenu.

Aliyemsaidia ni mvuvi mmoja aliyecheza masumbwi ujanani. Alijaza gunia la mchele matambara na mchanga kidogo (mchanga mtupu huumiza kifundo cha mkono), akalining'iniza kwenye tawi la mkorosho. Wiki za kwanza hakumruhusu kijana kupiga. Alimfundisha kusimama: mguu wa kushoto mbele, magoti yalegee, kidevu chini, mikono mashavuni, macho yamtazame mtu. Hilo la macho ndilo lililomshinda zaidi.

Siku moja tulimwona kwenye pampu mchana kweupe, amesimama vilevile na ndoo yake. Mkubwa wa wale wenzake akamsukuma. Hakurudisha. Alisema tu, "Zamu yangu," akakinga maji. Sauti ile wengi wetu tulikuwa hatujaisikia.

Wazee wetu mmeuliza, na ni haki yenu: tumekimbia vita, mbona watoto wanafundishwa kupigana? Pwani hii swali hilo si geni. Zanzibar masumbwi yalipigwa marufuku mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, yakaruhusiwa tena mwaka 2022. Sisi tunajibu kwa sharti tuliloliweka: anayempiga mtu nje ya mazoezi hana nafasi tena chini ya mkorosho. Wawili wamekwisha kuondolewa. Mmoja ni mtoto wa mjumbe wa kamati hii, na nyumbani kwake hatukupikiwa chai mwezi mzima.

Wageni wetu wa misaada, msilione jambo hili dogo. Cindy Ngamba alizaliwa Kamerun, akafika Uingereza ana miaka 11. Shuleni walimcheka kwa Kiingereza chake na kwa unene wake, akawa mtoto wa kujificha. Alianza masumbwi ana miaka 15, katika klabu ya vijana mjini Bolton. Karatasi zake zilimsumbua miaka mingi, hata akawekwa kizuizini. Waliopoteza kitambulisho porini wanalielewa hilo. Mwaka 2024, Paris, alipata shaba, medali ya kwanza kabisa ya Timu ya Wakimbizi tangu ianze kushiriki Olimpiki mwaka 2016. Na hapa kwetu Msumbiji yuko Alcinda Panguana, aliyepata medali ya fedha katika ubingwa wa dunia wa wanawake, Istanbul, mwaka 2022. Huyu tunamtaja makusudi. Wasichana wanne wameomba kujiunga, na baba zao bado wanafikiri.

Medali hatuahidi. Tunaomba jozi nne za glovu na kinga za meno. Mpaka zipatikane, hakuna mtoto atakayepambana na mwenziwe. Watapiga gunia tu. Mazoezi ni Jumanne na Alhamisi baada ya alasiri. Wale kina baba wanne waje watazame, mkeka upo. Watamkuta kijana wetu akiwafunga wadogo vitambaa mikononi. Bado si msemaji sana.