Mwuguzi Ajipime: Je, Mimi ni Mwalimu?



Nawashukuru kwa kufika hapa Makorora, wengine mkiwa mmetoka zamu ya usiku. Sikuja kuwafundisha uuguzi. Nimekuja kuwaomba kila mmoja ajiulize: katika malezi ya mwanafunzi wa uuguzi, sehemu yangu ni ipi?

Wengi mkiulizwa hujibu kwamba kufundisha ni kazi ya wakufunzi wa chuo, nanyi mna wagonjwa. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Chuoni mwanafunzi husoma vitabu na kujizoeza kwa sanamu. Mgonjwa mwenye maumivu na hofu humkuta wodini, iwe Bombo au Teule ya Muheza. Huko mkufunzi hupita. Ninyi ndio mnaokaa. Wahenga walisema, mwana hutazama kisogo cha nina. Mwuguzi asiyenawa mikono baina ya mgonjwa na mgonjwa amekwisha kufundisha, ingawa hakufungua kinywa.

Jambo hili si geni. Florence Nightingale alipoanzisha shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas', London, mwaka 1860, wanafunzi walijifunza kazi wodini, chini ya wauguzi wakuu wa wodi hizo.

Mimi mwenyewe niliwahi kulazwa. Asubuhi moja mwanafunzi alikuja kunichoma sindano, mkono ukimtetemeka. Mwuguzi wa zamu hakumkaripia. Alisimama kando yake, akamwambia asome tena jina langu na jina la dawa, kisha akaniomba ruhusa. Katika dakika hizo chache mimi nililindwa, mwanafunzi alifunzwa, wala hakuna aliyedharauliwa. Hiyo ndiyo haki ninayoisema.

Basi tujipime kwa mambo matatu.

Kwanza, je, mwanafunzi kwangu ni mtu wa kufunzwa, au ni mkono wa kutumwa tu, ashinde akitandika vitanda na kupeleka damu maabara bila kuelezwa sababu?

Pili, nikimsahihisha, namjenga au namvunja mbele ya watu? Aliyeaibishwa hujifunza kuficha kosa, na kosa lililofichwa humdhuru mgonjwa.

Tatu, nitiapo sahihi katika daftari lake la mazoezi, nimemwona kwa macho yangu akilitenda jambo hilo? Sahihi ni ushahidi. Kuitia kwa huruma au kwa haraka ni kushuhudia uongo, na atakayelipa ni mgonjwa wa kesho.

Lakini haki ina pande mbili. Mwuguzi mwenye wodi iliyojaa hawezi kukabidhiwa kundi la wanafunzi bila kupunguziwa mzigo, halafu alaumiwe. Mkono mmoja haulei mwana. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, si mtu kwa ajili ya kazi. Kwa hiyo wenye kuongoza hospitali na vyuo wauhesabu ualimu huu kuwa kazi: wamtengee mwuguzi muda, wamweleze chuo kinataka nini, wamsikilize anapotoa maoni juu ya mwanafunzi.

Ndugu zangu, yule anayetetemeka leo ndiye atakayetupokea tukiwa wazee. Mfunzeni kama mnavyotaka kuuguzwa.