Daftari la Muuza Sarafu: Kodi ya Mapato kwa Wauzaji wa Vitu Adimu Mtandaoni, Moshi na Vijiji vya Mlimani



Tarehe 5 Aprili 2025 ilikuwa siku ya mwisho ya kubadilisha noti za zamani za Tanzania, zile zilizotolewa kati ya mwaka 1985 na 2003 pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010. Tangu hapo hazinunui hata kiberiti. Lakini zenyewe zinanunuliwa. Fungua kurasa za mauzo za Facebook na Instagram utaziona, na pembeni yake kuna senti za tundu za enzi ya Mwingereza, pesa na rupia za Mjerumani, na stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika zilizogongwa muhuri wa posta.

Mlima wetu wa Kilimanjaro una sababu ya pekee ya kuwa na mzigo huu. Kahawa ilileta fedha taslimu huku mapema. Chama cha wakulima wenyeji, KNPA, kiliundwa mwaka 1925, na chama kikuu cha ushirika, KNCU, kikafuata mwaka 1933. Wazee wa Kibosho, Marangu na Old Moshi walilipwa kwa sarafu, wakaziweka, na nyingine hazikutoka tena sandukuni. Leo wajukuu wanazipiga picha kwa simu. Swali lililotuleta kwenye semina hii ni hili: fedha inayopatikana inalipiwa kodi ya mapato?

Jibu linategemea ulichofanya kabla ya kuuza. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inahesabu faida ya uwekezaji kwa mali ilizozitaja, hasa hisa, ardhi na majengo. Sarafu ya babu haimo humo. Mjukuu aliyerithi sarafu kumi na kuziuza mara moja, akaishia hapo, hajafanya biashara. Lakini sheria hiyohiyo inatafsiri biashara kwa upana: hata shughuli ya mara moja, ikiwa ina sura ya kibiashara, ni biashara. Aliyekwenda mnadani akanunua kopo la sarafu kwa nia ya kuliuza kwa faida amefanya biashara, hata kama hana duka wala leseni na hatarudia tena. Wengi wetu hudhani kodi inaanza pale unapofungua fremu mjini. Inaanza kwenye nia ya faida.

Sasa tuje kwenye viwango, na hapa naomba tutulie kidogo.

Mfanyabiashara mdogo, mtu binafsi mkazi ambaye mapato yake yote yanatokana na biashara hapa nchini, hutozwa kwa kufuata mauzo ghafi ya mwaka. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2022, mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 hayatozwi. Kati ya milioni 4 na 7, asiye na kumbukumbu za hesabu hulipa 100,000, na mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4. Kati ya milioni 7 na 11, asiye na kumbukumbu hulipa 250,000, mwenzake hulipa 90,000 na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Kuanzia hapo hadi milioni 100 ni asilimia 3.5 ya mauzo. Chukueni watu wawili waliouza milioni 5 kila mmoja. Mwenye daftari atalipa 30,000. Asiye na daftari atalipa 100,000. Wakiuza milioni 8 kila mmoja, mmoja atalipa 120,000 na mwingine 250,000. Mzigo ni uleule na wateja ni walewale.

Lakini wengi waliopo ukumbini hawamo kabisa kwenye mpango huo, na hili ndilo jambo linalosahaulika kuliko yote. Mpango wa mauzo ghafi ni wa mtu ambaye mapato yake ni ya biashara peke yake. Mwalimu, muuguzi au karani wa benki mwenye mshahara hawezi kusema, "Mimi nimeuza milioni 3 tu, sifikii milioni 4." Faida yake inajumlishwa na mshahara na kutozwa kwa viwango vya mtu binafsi, vinavyopanda hadi asilimia 30.

Tuseme mwalimu ana mshahara unaotozwa kodi wa 800,000 kwa mwezi, yaani milioni 9.6 kwa mwaka. Ameuza noti na sarafu za milioni 3. Alizinunua kwa milioni 1.8, na usafirishaji na bando vimemgharimu 300,000. Faida ni 900,000. Ikijumlishwa na mshahara inaangukia kwenye asilimia 25, kwa hiyo nyongeza ya kodi ni 225,000. Sasa mwondolee ushahidi wa gharama. Zile milioni 3 zote zitaonekana ni mapato, nyongeza ifike 780,000, karibu yote aliyopata. Hakuna aliyemwonea. Ameshindwa tu kuonyesha karatasi.

Mkoa wetu unajua uchungu wa kukadiriwa. Mwaka 1945 Wapare walianza kuipinga kodi ya mbiru, iliyopangwa kwa makadirio ya mali ya kila mtu. Mwaka uliofuata akina mama nao waliandamana. Watu hao walikuwa tayari kulipa kodi. Walichokikataa ni kutozwa kwa kipimo wasichokiona. Naliheshimu sana dai lile, na kwa muuzaji wa leo kipimo cha kuonekana ni daftari lake mwenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano, na inampa Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato (TRA) uwezo wa kudai taarifa zako kwa mtu mwingine. Malipo ya M-Pesa na ya lipa namba yana historia. Taarifa ya simu itaonyesha kilichoingia. Haitaonyesha kwamba ulimlipa bibi wa Uru taslimu kwa ajili ya sarafu alizokuuzia. Hilo utaliandika wewe: tarehe, kitu, jina la aliyekuuzia na kijiji chake, bei, na saini au dole gumba lake.

Maandishi hayo yana faida ya pili ambayo wauzaji wetu bado hawajaichuma vya kutosha. Mkusanyaji makini hununua kitu pamoja na asili yake. Sarafu ya dhahabu ya rupia 15, iliyopigwa Tabora mwaka 1916, yenye tembo na mlima nyuma yake, ina bandia nyingi sana duniani. Muuzaji anayeweza kuonyesha kitu kilitoka nyumba gani na kilinunuliwa lini ana haki ya kudai bei ya juu kuliko mwenye picha nzuri tu. Kwa hiyo ukurasa uleule unaomwonyesha ofisa wa TRA gharama zako ndio unaompa mnunuzi imani.

Ukurasa huo pia utakuzuia kuuza kisichouzwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na milango ya kuchongwa ya kabla ya mwaka 1940. Vifaa vya jadi vilivyotengenezwa baadaye kwa matumizi ya kijamii na kitamaduni navyo vinahitaji kibali kabla ya kutoka nchini. Mkuki mpya uliofuliwa na wahunzi wa Mamba, huku mlimani, kwa ajili ya watalii ni jambo moja, na mkuki wa ukoo ni jambo jingine. Pembe na meno ya wanyama pori msiyaguse kabisa. Mwaka 1889 mpanda mlima Mjerumani Hans Meyer alichukua jiwe kileleni Kibo, na kipande chake akampa Kaisari wa Ujerumani, kikawa pambo ndani ya kasri la Potsdam. Mlima huu umekwisha kupoteza vya kutosha.

Neno fupi kwa wanaouza kupitia ndugu walio Uingereza. Tangu Januari 2024 majukwaa ya mauzo ya huko hukusanya taarifa za wauzaji kwa ajili ya mamlaka ya kodi, na msamaha wa biashara ndogo ni pauni 1,000 za mauzo kwa mwaka. Mzigo wako ukiuzwa kwa akaunti ya shemeji, mauzo yanasomeka ya shemeji. Andikianeni kwamba yeye ni wakala, na kamisheni yake ni kiasi gani.

Kwa taratibu: namba ya mlipakodi (TIN) haina malipo. Anayetumia mwaka wa kawaida wa kalenda hupeleka makadirio kabla ya mwisho wa Machi, na malipo hugawanywa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Mwenye kupaswa kupeleka ritani ya mwaka uliopita ana hadi tarehe 30 Juni.

Napendekeza semina hii iandike barua moja ya pamoja kwa TRA kuomba uamuzi wa maandishi, kama Sheria ya 2015 inavyoruhusu, juu ya jambo moja: mtu anayeuza urithi wa sarafu mia tatu kidogokidogo kwa miaka miwili, bila kununua nyingine hata moja, ahesabiwe anamaliza urithi au anafanya biashara? Familia nyingi za mlimani zipo hapo hasa. Rasimu ya barua nimeiacha kwa katibu, anayetaka kuongeza maelezo ya hali yake ayapeleke kwake leo kabla hatujaondoka.