Upimaji wa Waendesha Pikipiki: Askari Awe Mwalimu



Mtu akisimama jioni kando ya barabara huko Kitswamba, kaskazini ya mji wa Kasese, si ajabu akaona tukio la namna hii. Pikipiki inakuja kwa kasi kutoka upande wa Hima, imebeba abiria wawili na mkungu wa ndizi. Mwendeshaji hakuvaa kofia ya usalama. Ghafla anaona mbele yake sare nyeupe ya askari wa trafiki. Bila ya kutazama nyuma, na bila ya kutoa ishara yoyote, anaigeuza pikipiki katikati ya barabara ili arudi alikotoka. Lori la saruji lililokuwa likimfuata linafunga breki kwa kishindo, na abiria wanapiga kelele.

Siku hiyo kijana ameokoka. Lakini yafaa iulizwe: ni kitu gani kilichokaribia kumwua? Si lori, wala si ubovu wa barabara. Ni hofu yake kwa askari aliyewekwa pale kwa ajili ya kumlinda.

Taarifa za Polisi ya Uganda zinaonyesha kwamba mwaka 2023 watu 4,806 walipoteza maisha katika ajali za barabarani. Mwaka 2024 idadi hiyo ilipanda hadi 5,144, yaani wastani wa watu 14 kila siku. Sehemu kubwa ya marehemu hao ni waendesha pikipiki na abiria wao. Hawa si watu wa mbali. Ni vijana wenye nguvu, ni kina mama waliokuwa wakienda sokoni, ni wanafunzi, na wamo pia askari waliokuwa wakirudi kambini baada ya likizo.

Ajali hizo zinapotokea, wengi hukimbilia kusema kwamba ajali haina kinga. Msemo huo huwafariji wafiwa, lakini haufai kuwa sera ya barabarani. Ajali nyingi za pikipiki zina kinga, na kinga yenyewe inajulikana. Tatizo ni kwamba mwendeshaji mwenyewe haoni kosa lake. Wahenga walikwisha kulisema jambo hili: nyani haoni kundule.

Hebu afikiriwe kijana aliyejifunza pikipiki kwa rafiki yake, jioni mbili tatu katika uwanja wa shule. Alijua kuwasha, kubadilisha gia na kusimama, kisha akaingia barabarani kutafuta riziki. Hata akipata leseni ya daraja A, mtihani ule ulimpima kwa siku moja tu. Baada ya hapo miaka hupita bila ya mtu yeyote kumtazama anavyoendesha. Kosa dogo la mwezi wa kwanza hugeuka kuwa desturi ya mwaka wa tano, na desturi hiyo yeye huiita uzoefu.

Nchi nyingine zimelitafutia jambo hili dawa. Huko Uingereza upo mpango uitwao BikeSafe, ulioanzishwa na polisi wa North Yorkshire katika miaka ya 1990 na kuenea katika majeshi mengi ya polisi nchini humo. Mwendeshaji wa kiraia huja kwa hiari yake. Kwanza hupewa mazungumzo juu ya hatari za barabarani. Kisha huingia njiani na pikipiki yake mwenyewe, naye askari mwendesha pikipiki aliyehitimu mafunzo ya juu humfuata nyuma, akimtazama. Mwishoni huketi pamoja, na askari humweleza aliyoyaona. Hakuna kufaulu wala kufeli. Lengo si kumtafutia mtu kosa la kumlipisha faini, ni kumwonyesha kile ambacho macho yake hayawezi kukiona.

Askari hao hufuata utaratibu wenye hatua tano, unaoelezwa katika kitabu chao kiitwacho Motorcycle Roadcraft. Hatua ya kwanza ni habari: kutazama mbele, nyuma na pembeni, na kuwapa wengine habari kwa ishara. Ya pili ni mahali, yaani kuchagua sehemu ya barabara iliyo salama. Ya tatu ni mwendo. Ya nne ni gia inayolingana na mwendo huo. Ya tano ni kuongeza mafuta baada ya njia kuonekana kuwa wazi. Mwendeshaji asiyefunzwa aghalabu huugeuza mpango huu juu chini: huongeza mafuta kwanza, na kutafuta habari baadaye.

Msikilizaji na aufikirie upimaji wa namna hiyo ukifanyika katika barabara ya kutoka Kitswamba hadi Bwera. Barabara hiyo peke yake ni mwalimu wa kutosha.

Kabla ya kuondoka, askari na mwendeshaji wanaikagua pikipiki: matairi, breki, mnyororo, taa, vioo vya pembeni na honi. Tairi lililokwisha meno haliwezi kushika lami yenye maji, hata likiendeshwa na bingwa. Kisha wanaingia barabarani, mwendeshaji mbele na askari nyuma.

Somo la kwanza ni malori yanayohudumia kiwanda cha saruji cha Hima. Mwendeshaji asiye na mafunzo hulifuata lori kwa karibu mno, akingojea nafasi ya kulipita. Hapo haoni mbele, na dereva wa lori hamwoni katika vioo vyake. Pikipiki iendayo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 katika kila sekunde. Kwa hiyo kanuni ya kuacha nafasi ya sekunde mbili maana yake ni zaidi ya mita 40, na mvua ikinyesha nafasi hiyo hapana budi iongezwe. Aidha, mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali unaohitajika kwa breki kuisimamisha pikipiki huongezeka mara nne. Kijana anaweza kubishana na askari, lakini hawezi kubishana na hesabu hiyo.

Somo la pili ni mito iteremkayo kutoka milima ya Rwenzori. Wakazi wa Kasese hawajasahau mafuriko ya Mei 2013, wala yale ya Mei 2020. Hata mvua ya kawaida huweza kuacha matope na mchanga juu ya lami karibu na madaraja na katika kona. Hapa askari hutazama jambo moja muhimu: je, mwendeshaji anaweza kusimama, katika upande wake wa barabara, ndani ya umbali anaouona kuwa wazi? Kama hawezi, basi anakwenda kwa kubahatisha.

Hapa pia ndipo suala la breki hudhihirika. Waendeshaji wengi huiogopa breki ya mbele, wakidhani itawarusha. Hutegemea ya nyuma peke yake, na tairi la nyuma likifungwa pikipiki huteleza. Ukweli ni kwamba pikipiki inapopunguza mwendo, uzito huhamia mbele, na tairi la mbele ndilo hupata nguvu ya kuishika barabara. Breki zote mbili hutumiwa pamoja, ile ya mbele ikikazwa polepole kwa kuongeza, pikipiki ikiwa imenyooka. Jambo hilo haliwezi kufundishwa kwa filimbi kando ya barabara. Linataka uwanja, saa moja na mwalimu mvumilivu.

Katika mji wa Kasese somo ni njia panda, baiskeli na watembea kwa miguu. Askari aliye nyuma hukitazama kichwa cha mwendeshaji. Je, kinageuka kutazama begani kabla ya kukata kona, au kinaviamini vioo tu? Baada ya hapo barabara inaingia katika Hifadhi ya Malkia Elizabeth, karibu na mstari wa ikweta. Hapo nyati au tembo aweza kukatiza njia wakati wa magharibi, naye haijui sheria ya trafiki. Kutoka Kikorongo njia inaelekea magharibi hadi Bwera, na siku za soko watu na mizigo hujaa ukingoni.

Mwisho wa safari ni Mpondwe, mpakani mwa Kongo. Upande wa Uganda magari hukaa kushoto, na upande wa Kasindi hukaa kulia. Mwendeshaji anayevuka mara kwa mara na mizigo lazima abadilishe akili yake pamoja na upande wake. Akirudi amechoka, jioni, hatari ni kwamba mikono itafuata desturi ya barabara aliyoiacha.

Safari ikiisha, wawili hao wanaketi kivulini. Askari anavua kofia yake na kumwambia mwenziwe kwanza yale aliyoyafanya vizuri, kisha makosa mawili au matatu ya kurekebisha. Hakitolewi kitabu cha faini. Kijana aliyezungumzishwa hivyo, akiona sare nyeupe siku nyingine, hatakuwa na sababu ya kugeuza pikipiki katikati ya barabara.

Ndugu wasikilizaji wa majeshi na polisi, jambo hili linawahusu ninyi kabla ya kuwahusu raia. Historia ya kofia ya usalama yenyewe inalihusu jeshi. Mwezi wa Mei 1935 askari mashuhuri wa Uingereza, T. E. Lawrence, alianguka kwa pikipiki na kufa siku chache baadaye kwa jeraha la kichwa. Miongoni mwa madaktari walioitwa kumtibu alikuwa Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo. Daktari huyo hakuridhika na kusema kwamba ajali haina kinga. Alichunguza majeraha ya waendesha pikipiki, wakiwamo askari wapeleka barua wa vita vikuu vya pili, na mwaka 1941 akachapisha uchunguzi wake juu ya umuhimu wa kofia. Mwaka huo huo Jeshi la Uingereza likawaamuru waendesha pikipiki wake kuivaa kazini. Raia wa nchi hiyo walilazimishwa kwa sheria miaka mingi baadaye, mwaka 1973.

Kwa hiyo jeshi ndilo lililotangulia, na raia wakafuata. Hapa Uganda kanuni za kofia za usalama zilitungwa mwaka 2004. Uchunguzi wa kitaalamu uliokusanya matokeo ya nchi mbalimbali umeonyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa kiasi cha asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini raia atajifunza nini akimwona askari mwenye sare akipita kwa kasi kichwa wazi, bunduki mgongoni, na mwenzake amekaa nyuma katika hali hiyo hiyo? Atajifunza kwamba sheria ni ya wanyonge. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Hapana budi basi upimaji uanzie kambini na vituoni. Askari anayepewa pikipiki ya kazi apimwe na mwenzake aliye bingwa zaidi, bila ya kujali cheo. Afande akikubali kufuatwa nyuma na koplo anayejua kazi, na kuambiwa makosa yake kwa heshima, atakuwa amewafundisha vijana wake somo kubwa kuliko amri kumi. Askari anayekufa kwa pikipiki ametoweka katika ulinzi wa taifa sawasawa na aliyeuawa vitani, na familia yake hulia machozi yale yale.

Kwa upande wa raia, yako masharti ambayo yakikosekana mpango wote utakufa. Upimaji uwe wa hiari na usiwe na malipo, kwa maana mwendesha bodaboda huishi kwa kipato cha siku, na wengine bado wanadaiwa fedha za pikipiki zenyewe. Ufanyike saa zile ambazo abiria ni wachache. Viongozi wa vituo vya bodaboda washirikishwe tangu mwanzo. Zaidi ya yote, kosa lililoonekana siku ya upimaji lisigeuzwe kuwa faini, wala lisiwe mlango wa hongo. Shilingi moja ikidaiwa siku hiyo, imani yote itakuwa imeuzwa kwa shilingi hiyo.

Hii haina maana kwamba sheria ilegezwe. Anayebeba abiria watatu, anayeendesha amelewa, au anayewasha pikipiki isiyo na breki, anastahili kukamatwa. Lakini kukamata huja baada ya kosa. Kufundisha hutangulia kosa, na mara nyingi hutangulia kifo.

Barabara ya Kitswamba hadi Bwera itaendelea kuwa na malori, mito, tembo na mpaka. Hayo hayawezi kuondolewa. Kinachoweza kubadilika ni yule aliye juu ya pikipiki, na yule amfuataye nyuma. Siku mwendeshaji atakapotazama katika kioo chake, akamwona askari, na badala ya kukimbia akapunguza mwendo na kumpisha kwa salamu, wote wawili watakuwa wamefaulu.