Nyumba ya Gombesa



Leo natuzame pamoja huko Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro. Kisiwa hicho ni mlima wa moto uliochomoza kutoka vilindini, na kilele chake, Karthala, kina mita 2,361. Lava inapotiririka, ngozi ya juu huganda kwanza huku ya ndani ikizidi kwenda. Ikishapita yote, nyuma hubaki pango.

Mzamiaji mwenye mtungi wa hewa mgongoni huishia ghorofa ya juu tu ya miamba hiyo, mwanga wa jua unakofika. Kila mita 10 anazoshuka humwongezea uzito sawa na wa hewa yote iliyo juu yetu. Akikaribia mita 40, naitrojeni humlevya kama pombe, naye hana budi kurudi.

Mwenye nyumba yuko chini zaidi, kwenye kina cha karibu mita 200. Wangazidja humwita gombesa. Sisi twamjua kwa jina la silikanti. Wataalamu waliamini jamii yake ilikwisha zamani za madinosaria, mpaka mmoja aliponaswa Afrika Kusini mwaka 1938. Mwaka 1987 Mjerumani Hans Fricke alishuka Ngazidja kwa nyambizi ndogo, akampiga picha akiwa hai kwake. Baadaye ikajulikana kwamba mchana gombesa hupumzika kwa makundi mapangoni, na usiku hutoka kuwinda.

Yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Tangu mwaka 2003 jarife za papa zinazotegwa vilindini zimemnasa mara nyingi huko Tanga. Nyama yake imejaa mafuta, hailiki vizuri, kwa hiyo hata mvuvi hapati faida. Hasara yake ni kubwa: utafiti wa mwaka 2021 ulikadiria kwamba huweza kuishi miaka 100, na jike hubeba mimba miaka mitano hivi. Ukiua jike mmoja leo, pengo lake halizibwi kesho.

Mwaka 2009 ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Ni jambo jema, lakini bango peke yake halitegui jarife. Mvuvi hashushi nyavu zake mita mia kwa kupenda, hufuata samaki. Baruti zikiendelea kuvunja matumbawe ya karibu, atazidi kwenda chini. Anayetaka kumlinda gombesa na aanze kwa kuilinda riziki ya mvuvi huku juu.