Ijumaa Usiku Eldoret: Ukishapuliza Kifaa

Dereva anayenaswa amelewa Barabara ya Uganda, Eldoret, Ijumaa usiku, aghalabu hulia kwamba saa 24 za kufikishwa mahakamani zimepita. Hesabu ina kona yake. Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema saa hizo zikiishia nje ya muda wa mahakama, afikishwe siku ya kazi inayofuata. Yaani Jumatatu.

Wikendi nzima korokoroni? Si lazima, aombe dhamana.

Ana haki ya kunyamaza na kuwa na wakili. Akikubali shtaka, hukumu huja upesi. Akikana, kesi husikizwa. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki kinaruhusu faini, kifungo, au vyote.